Kete Sitini na Nne: Mwongozo wa Kumkalisha Mtoto na Tebo

Vifaa vinavyohitajika ni hivi: bao moja la mti, hata likiwa limepasuka pembeni, kete 64, kreti la soda lililojaa chupa, kalenda ya ukutani ya mwaka wowote, hata uliokwisha, vidole kumi vya mtoto, na mtu mzima mmoja mwenye nusu saa ambayo hajamwahidi mtu mwingine. Fimbo haimo katika orodha. Kama ipo nyumbani, ipelekwe uani ikaangue maembe, na maembe yaletwe ndani, maana mbele ya safari tutayahitaji.

Mwongozo huu umezaliwa Tanga, likizo ya Desemba, siku mpwa wangu wa darasa la tatu aliponiimbia tebo ya saba. Aliiimba vizuri, kuanzia saba mara moja hadi saba mara kumi, mikono nyuma, macho darini. Nikampigia makofi. Kisha nikamuuliza, "Saba mara nane?" Akanyamaza. Akaangalia miguu yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, nianze mwanzo?"

Swali hilo lilinikaa moyoni usiku kucha. Mtoto yule si mvivu. Amefundishwa wimbo, na wimbo hauingiliwi katikati; ukitaka ubeti wa nane, lazima upite kwanza kwa ile saba iliyotangulia. Mimi tebo zangu nilijifunza nimesimama mbele ya ubao, viganja wazi, na mwalimu ameshika fimbo ya mpera. Kila nilipokosea saba nilichapwa, na kitu nilichokariri barabara siku zile ni mlio wa ile fimbo. Kichwa chenye woga hakitafuti jibu, kinatafuta pa kutokea. Sitaki mpwa wangu afahamiane na saba kwa njia hiyo, wala sitaki mtoto wako afahamiane nayo hivyo.

Basi anza kwa kupunguza mzigo kabla hujambebesha mtoto. Geuza daftari, tazama jalada la nyuma. Madaftari mengi yana jedwali la kuzidisha linaloishia 12, na mtoto akilitupia jicho anaona miraba 144, yote ikimdai yeye. Hiyo 12 ina asili yake. Shilingi ya Waingereza ilikuwa na peni 12 ndani yake, na ikaendelea hivyo hadi 1971. Mtoto wa kwao asiyejua tebo ya 12 angepunjwa chenji dukani. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 ilikuwa na senti 100. Kwa hiyo 11 na 12 zikae pembeni kwanza, zitapata zamu yao siku nyingine. Weka pembeni na tebo ya 1, isiyobadilisha kitu, na ya 10, inayoongeza sifuri tu. Zimebaki namba kuanzia 2 hadi 9. Hizo ni namba nane: safu nane kwenda chini, safu nane kwenda kando, miraba 64.

Sasa lete bao. Bao letu la pwani lina safu 4, kila safu mashimo 8, jumla mashimo 32. Mwambie mtoto atie kete mbili katika kila shimo. Zikienea bila kubaki wala kupungua, ziko 64, na yeye amekwisha kuzidisha 32 mara 2 kabla hajajua kwamba somo limeanza. Kila kete ni mraba mmoja wa jedwali. Kazi ya juma hili ni kuzitoa kete baoni moja moja, kwa haki, hadi zibaki zile tu zinazostahili kukaririwa.

Kreti la soda ndilo linalotoa nyingi zaidi. Mweke mtoto upande mfupi, ahesabu: safu 6 za chupa 4, chupa 24. Mzungushe akae upande mrefu: safu 4 za chupa 6. Hakuna chupa iliyosogea, ni yeye aliyehama. Akishalielewa hilo kwa miguu yake, 3 mara 7 na 7 mara 3 zinakuwa kete moja, na kila jozi ya namna hiyo inampa ruhusa ya kutoa kete. Zinatoka 28. Zinabaki 36. Tafadhali usilipite jambo hili haraka. Nimewaona watu wazima waliobeba maisha yao yote mizigo miwili pale palipokuwa na mmoja, kwa sababu hakuna aliyewazungusha kreti.

Tebo ya 2 anaijua kila aliyewahi kwenda dukani na mama yake kununua kanga. Doti moja ni kanga mbili, doti saba ni kanga 14. Toa kete 8. Tebo ya 5 ipo ndani ya saa ya ukutani: mshale mrefu ukiwa kwenye 4 ni dakika 20, ukiwa kwenye 7 ni dakika 35. Hapa mtoto wa Kiswahili ana akili ya ziada ambayo inafaa kusifiwa, kwani mshale mfupi ukiwa kwenye 7 yeye husema saa moja, na mrefu ukiwa palepale husema thelathini na tano, na hachanganyi. Toa kete 7.

Tebo ya 9 inakaa mikononi. Atandaze vidole kumi mbele yake. Kwa 9 mara 7, akunje kidole cha saba kutoka kushoto. Kushoto kwa kilichokunjwa kuna vidole 6, kulia kuna 3. Jibu ni 63. Kwa 9 mara 4 akunje cha nne: 3 huku, 6 kule, 36. Mwache acheze navyo mpaka achoke, kisha muulize, kwa nini tarakimu za jibu hujumlika kuwa tisa kila mara, kama vidole vinavyobaki? Toa kete 6.

Tebo ya 4 ni doti ya doti: 7 mara 2 ni 14, tena mara 2 ni 28. Toa kete 5. Tebo ya 3 ni doti na kanga moja juu yake: 8 mara 2 ni 16, ongeza 8, ni 24. Toa kete 4. Kete zimekuwa zikitoka 8, 7, 6, 5, 4. Usimwonyeshe mtoto mpangilio huo. Mpwa wangu aliuona peke yake jioni ya tatu, akaruka kutoka mkekani, na furaha aliyokuwa nayo usiku ule nisingeweza kumpa kwa zawadi ya dukani.

Baoni zimebaki kete 6. Ndizo hizi: 6 mara 6, 6 mara 7, 6 mara 8, 7 mara 7, 7 mara 8, na 8 mara 8. Kati ya miraba 64 tuliyoanza nayo, kukariri kwa moyo kunahitajika hapa tu. Na hapa ndipo wimbo unaporudi, lakini safari hii unarudi na kazi maalumu.

Angalia kwanza majina. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yalitoka katika Kiarabu, nasi tulikuwa na yetu kabla yake: tandatu, fungate, kenda. Kenda bado ipo hai ndani ya jina la Mijikenda, miji tisa. Fungate ipo hai kila penye harusi, siku saba za maarusi. Mimi tebo ya saba naianza hapo. Fungate moja siku 7, fungate mbili siku 14, fungate tatu siku 21. Kisha nafungua kalenda. Katika mwezi wowote, wa mwaka wowote, tarehe 7, 14, 21 na 28 huangukia siku moja ya juma. Kama 7 ni Ijumaa, zote ni Ijumaa. Mpe mtoto kalamu aendeleze mwezi usioisha, tarehe 35, 42, 49, 56, akiandika kwenye karatasi ukutani chini ya kalenda. Saba, iliyokuwa ikimtisha, inageuka kuwa siku ya sala na siku ya kwenda sokoni.

Halafu sikiliza mizani. Watu wa pwani wametunga tenzi kwa karne nyingi, na kipande cha utenzi kina mizani 8. Vipande vinne hufanya ubeti: mizani 32, sawa na mashimo ya bao. Shairi la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16: jumla 64, sawa na kete. Hata rupia iliyotumika Tanganyika enzi za Wajerumani ilikuwa na pesa 64, mpaka walipoibadili mwaka 1904 wakaigawa heller 100. Namba 64 inapendwa kwa sababu inakubali kukatwa nusu bila kelele: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Anayejua kuhesabu mizani vidoleni amekaa ndani ya tebo ya 8 tangu alipokuwa akibembelezwa.

Sasa tamka majibu ya zile kete sita. A-ro-ba-i-ni-na-mbi-li: mizani nane kamili. Arobaini na nane: nane. Arobaini na tisa: nane. Majibu matatu kati ya sita ni vipande vya utenzi tayari, hayahitaji kurefushwa wala kufupishwa. Kwa hiyo yaimbwe mawili mawili, swali na jibu, yakianzia popote: "Sita mara saba sawa, arobaini na mbili. Sita mara nane sawa, arobaini na nane. Saba mara saba sawa, arobaini na tisa." Mmoja wenu aulize, mwingine ajibu, mkiwa mnamenya muhogo au mnasubiri daladala. Kila kipande kinasimama peke yake. Hakuna haja ya kuanza mwanzo.

Kwa 7 mara 8, ile iliyomnyamazisha mpwa wangu, nilimtungia ubeti mzima:

Saba mara nane pata,
ni hamsini na sita,
tano sita zikipita,
saba na nane njiani.

Tano, sita, saba, nane: 56 ni 7 mara 8, zimepangana kama watoto mstarini. Zimebaki 36 na 64. Hizo ni sita kwa sita na nane kwa nane, na kila anayezikuta huziona kama pembe za nyumba. Sita mara sita tuliichora kwa chaki sakafuni, mraba wa hatua sita kila upande. Nane mara nane ni lile jedwali lenyewe tulilolianza.

Hadi hapa mtoto anajua majibu. Lakini kujua majibu ni nusu ya elimu, na nusu nyingine hufundishwa kwa pupa darasa la tano, wakati vigawe vinapoandikwa ubaoni kama orodha nyingine ya kukariri. Kigawe ni namba inayogawanyika kwa namba fulani bila kubakiza kitu. Mtoto anayeitambua kwa macho anaona ukoo wa namba usoni mwake, kama vile sisi tunavyomtambua mtoto wa fulani kwa paji la uso. Hapa ndipo maembe yanapoingia.

Chukua maembe, na mengine muyawaze tu. Kuna watoto watatu na maembe 471. Je, yatagawanyika sawasawa? Shuleni tuliambiwa: jumlisha tarakimu, 4 na 7 na 1 ni 12, na 12 inagawanyika kwa 3, basi ndiyo. Tukaamini, hakuna aliyetuambia kwa nini, na nilikuwa mtu mzima niliyeota ndevu nilipoielewa sababu. Ni hii. Kila embe mia moja, watoto watatu wanachukua 33 kila mmoja, linabaki embe moja. Kila embe kumi, wanachukua 3 kila mmoja, linabaki moja. Kwenye 471 kuna mia nne: yamebaki maembe 4. Kuna makumi saba: yamebaki 7. Na lipo lile moja la mwisho. Kikapuni mna 4 na 7 na 1, maembe 12, na hayo kila mtoto atapata 4. Tarakimu zilikuwa mabaki ya kugawana tangu mwanzo! Mweleze mtoto hivi, mweleze polepole, akigawa kwa mikono yake. Ukigawa kwa watoto tisa mambo ni yaleyale: mia inabakiza moja, kumi linabakiza moja, ndiyo maana tarakimu za 63, 36, 54 na 72 zote zinajumlika kuwa 9, sawa na vidole vilivyobaki kila mara. Yule mtoto aliyeulizwa swali la vidole sasa ana jibu lake.

Vigawe vingine havihitaji muda mwingi. Vya 2 ni shufwa, vya 5 huishia 0 au 5, vya 6 ni shufwa zinazokubali pia 3. Vya 4 huonekana kwenye tarakimu mbili za mwisho, maana mia nzima hugawanyika kwa 4 bila shida. Vya 7 havina alama rahisi usoni. Mtoto na apunguze kile anachokijua. Kwa 371, atoe 350, ibaki 21, na 21 ni fungate tatu.

Kosa moja liangaliwe mapema, kwa sababu linawapata hata wakubwa: kudhani kwamba kitu kinachotokea kila baada ya miaka mitano lazima kitokee kwenye vigawe vya 5. Uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 1995, 2000, 2005, hadi 2025, ulikaa kwenye vigawe vya 5. Wa Kenya wa 2017 na 2022 umepishana miaka mitano vilevile, ila miaka hiyo ikigawanywa kwa 5 kila mmoja unabakiza 2. Kombe la Dunia nalo huchezwa kila baada ya miaka minne, na 2022 na 2026 si vigawe vya 4. Hatua ni ileile, mahali pa kuanzia ni tofauti. Mtoto apewe kalenda na kalamu aone safu ya Ijumaa na safu ya Jumapili zikishuka pamoja kwa hatua za saba bila kukutana.

Vigawe vinavyokutana navyo viko nyumbani. Bibi anameza dawa moja kila baada ya saa 6 na nyingine kila baada ya saa 8. Zikianza pamoja saa 12 asubuhi, zitakutana tena baada ya saa 24, asubuhi ya pili, kwa sababu 24 ndiyo ya kwanza iliyomo katika tebo ya 6 na tebo ya 8 pia. Kitabu cha darasani huiita Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS. Mpwa wangu alikabidhiwa kazi ya kumkumbusha bibi yake, na kwa juma zima hakuna aliyehitaji kumwuliza KDS ni nini.

Na mtoto akikosea, kama atakavyokosea, usimpe jibu. Mpe kigawe. Akisema saba mara nane ni 54, mwambie aitazame 54 usoni. Tano na nne ni tisa. Huyu ni wa nyumba ya tisa. Kisha afungue kalenda: tarehe 49, tarehe 56. Hamsini na nne haipo kwenye safu ya fungate. Kosa limejisahihisha bila mtu kugombezwa, na mtoto ameondoka na namna ya kujikagua mwenyewe siku ya mtihani, wakati mjomba hayupo.

Usiku wa mwisho wa likizo nilimkuta barazani amepanga kete mbilimbili mashimoni kabla ya kucheza na babu yake, kama tulivyofanya siku ya kwanza. Akasimama ghafla.

"Babu, hatuwezi kuanza."

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Shimo moja limekosa. Kete ziko 62."

Babu akainua mkeka. Zilikuwa mbili, zimejificha karibu na ukuta, nyeupe, zimeshika vumbi.